Viatu vya Kupokelea Wakwe

Mama alipoteza akala yake ya mguu wa kushoto njiani kutoka kanisani, na hakujua. Alitembea mguu mmoja umevaa na mwingine mtupu, akipiga soga na wenzake, mpaka tulipofika madukani pale Sirisia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akamtazama akacheka. "Mama, leo umevaa nusu?" Watu wakaangalia chini. Mama naye akaangalia chini. Aliutazama ule mguu kama mtoto wa jirani aliyeingia nyumbani bila hodi. Kisha akacheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kuwaonyesha watu uchungu wake. Mimi nikarudi nyuma kuitafuta akala, nimekasirika hata masikio yananiwaka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza darasa la sita, nawafundisha watoto wadogo kusoma katika shule ya kanisa. Nilikuwa na hasira za karibu, na bado ninazo, wanangu watakuambia. Siku hiyo niliipata akala imelala katikati ya njia, kamba yake haijakatika wala nini. Ilikuwa imemtoka tu mguuni, na mguu haukumpa habari.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa hila. Kwanza lilikuwa jicho moja, likaingia ukungu kwa majuma kadhaa, kisha likapona lenyewe, tukashukuru na kusahau. Halafu mikono ikaanza kuangusha vitu, bakuli, mwiko, hata kuku aliyekuwa amemshika miguu. Nayo ikapita. Kila kilipopita tulisema haya, yameisha. Ndipo ukashuka miguuni na huko haukutoka tena. Mguu wa kulia ulianguka mbele kila alipouinua, vidole vikikwangua ardhi. Wa kushoto uliinuka vizuri, ila ulikuwa umekufa ganzi, ungeweza kuuchoma kwa mwiba na mama akaendelea kukusimulia habari za mahindi. Asubuhi ya baridi alitembea vyema kiasi cha kukudanganya. Jua likipanda, miguu ilikuwa mizito, na akioga maji ya moto ilibidi nimwinue.

Miaka mingi baadaye nilimweleza daktari mmoja dalili hizo, kijana wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Akaniambia huenda mama alikuwa na ule ugonjwa ambao mwili wenyewe unaila ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Nikamwambia asante. Ningemwambia nini zaidi? Wakati ule nyumbani hatukuwa na jina la ugonjwa, tulikuwa na maelezo tu, na maelezo yalikuwa mengi kuliko dawa.

Yaliyoshika sana yalikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama wa kufuatana, aliyeolewa Kitale na mwanamume wa kazi ya reli. Yeye alisema kuna mtu aliyechota udongo wa unyayo wa dada yake kwenye njia ya kisimani, akaenda kuufunga mahali. Kwetu jambo hilo lilijulikana: adui akishika alama ya mguu wako, amekushika wewe. Mama alikuwa mtu wa kanisa, akasema hayo ni mambo ya giza. Lakini nilimwona mara nyingi, akitoka kisimani, anaburuta tawi nyuma yake kufuta alama zake. Sikumwuliza, naye hakunieleza.

Basi katika hali hiyo nikachumbiwa. Kijana alikuwa karani huko Bungoma, mpole, si mrembo wala si mbaya, na mimi nilimtaka. Watu wake wakatuma habari kwamba baada ya kuvuna mahindi wangekuja kuona nyumbani. Asiyejua anaweza kufikiri kuona nyumbani ni kunywa chai. Sivyo. Walikuja kuangalia kama ukoo wetu una kifafa, una ukoma, una wachawi, una ugonjwa wowote wa kumfuata mtoto mpaka kwa mumewe. Uchumba ungeweza kuvunjika kwa jambo dogo sana, hata kwa mjomba anayetetemeka mikono. Na kwetu siku hiyo mama wa msichana ndiye anayetazamwa, maana wanasema binti atakuwa vile mama yake alivyo. Ni yeye anayewapokea wageni mlangoni, ni yeye anayewatilia maji ya kunawa, ni yeye anayeleta chakula. Haketi mpaka waondoke.

Baba alisema waambiwe ukweli. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo ndiyo aliyosema. Mama akamjibu kwa upole, "Ukweli utamwozesha?" Kisha mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, nitawapokea nimesimama. Nitafutie viatu."

Mimi sikutaka. Nilimwambia kama watanikataa kwa ajili ya miguu yake, na waende zao. Akaniambia, "Wewe una mdomo mwepesi kwa sababu hujawahi kukataliwa." Nilimwona amekwisha kukata shauri, na mama akikata shauri hata baba alikuwa akitoka nje kutafuta kazi ya kufanya.

Tulianza Bungoma kwenye maduka ya Wahindi. Mama alinishika bega, tukaenda mdogo mdogo upande wa kivuli. Katika duka la kwanza tulipata raba nyeupe za turubai, nyepesi, nikafurahi. Zikamwangusha mlangoni, maana soli ilishika sakafu pale mguu ulipotakiwa kupita. Duka la pili walitupa mabuti ya mpira. Hayo hayakutoka mguuni, kweli, lakini alipoyavaa nyumbani kwa saa moja miguu ilipata joto ikawa kama mikungu miwili ya ndizi imening'inia kiunoni, akashindwa kufika chooni. Tukajaribu viatu vya baba vya kanisani, nikavijaza pamba mbele. Alitembea vizuri mpaka kwenye zizi na kurudi, sote tukafurahi, halafu nikamvua nikakuta pamba imejikusanya pembeni na kidole kidogo kimechubuka chote. Hakuwa amejua.

Katika duka la mwisho mama mmoja Mhindi alikuwa na huruma. Alimletea mama kiti na maji, akapiga magoti mwenyewe kumjaribisha kiatu kimoja cha kike chenye kifungo. "Hii iko sawa, mama? Inauma?"

"Haiumi," mama akasema.

"Basi iko sawa."

Kila mtu alimwuliza hivyo. Inauma? Haiumi. Mimi pia nilimwuliza, baba alimwuliza, na mama hakusema uongo hata mara moja. Mpaka leo nikiingia dukani kijana akaniuliza kama kiatu kinauma, nakuwa mkali bila sababu, halafu najuta, maana yeye hajanikosea.

Bungoma iliposhindikana tukaenda Kitale. Tulipanda basi asubuhi na mapema kabla ya jua, mama akiwa amekaa dirishani apate upepo. Mama mdogo alitupokea katika nyumba yao ya reli yenye chumba kimoja. Kesho yake akatupeleka hospitali, kwa sababu yeye aliamini udongo wa unyayo na aliamini pia sindano, akasema moja isipofaa nyingine itafaa. Daktari Mzungu alimgongagonga mama magoti, akamkuna nyayo kwa funguo, akamwambia afumbe macho asimame. Mama akayumba nikamdaka. Daktari akasema ni mishipa, hana dawa yake, asikae juani, asichoke. Kisha akamwita mkalimani asogee, akasema jambo ambalo nilifikiri ni dogo. Kiatu kiwe laini, kipana mbele, kirefu cha kushika kifundo cha mguu, na kila jioni mtu amvue atazame kwa macho yake. Usimwulize, akasema, tazama.

Nikatazama. Tangu siku ile kila jioni nilimweka mama kwenye kigoda, nikamvua, nikatazama kisigino, nikatazama katikati ya vidole. Kazi hiyo niliifanya vizuri, na ninaisema wazi kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Mama mdogo alimjua fundi mmoja katika mtaa wa Wahindi, mzee mwenye kilemba aliyewashonea walowezi mabuti ya kupandia farasi. Wanawake wa mashambani huko Endebess walikuwa wakimletea miguu ya kila aina, akasema, naye hakatai mguu. Duka lake lilikuwa jembamba, linanuka gundi na ngozi, na ukuta mmoja ulikuwa umejaa misumari. Juu ya kila msumari palining'inia karatasi, na juu ya kila karatasi palichorwa mguu wa mtu.

Fundi hakuwa na maneno mengi. Akatandika karatasi sakafuni, akashika kalamu. "Mama, simama hapa. Miguu yote mbili. Mimi nachora, halafu nachonga mbao kama mguu yako, halafu nashona."

Mama akainua mguu wa kushoto. Mama mdogo wakati huo alikuwa akitazama ukuta. Nilimwona akigeuza kichwa polepole, msumari hata msumari, na uso wake ukabadilika. "Hizi karatasi," akamwuliza fundi, "wenyewe hawaendi nazo?"

"Hapana. Inakaa hapa. Mtu akirudi, mguu yake iko."

"Na mwenyewe akienda zake, mguu unabaki kwako."

"Ndiyo. Hata aende Ulaya." Fundi alisema kwa kujivunia, maskini, akifikiri anasifiwa.

Mama mdogo akamshika mama mkono. "Dada, teremka."

Nikajua papo hapo tumekwisha. Nikamwambia mama mdogo kwa lugha yetu kwamba hii ni karatasi, ni kalamu, huyu ni Mhindi wa Kitale, ana shida gani na mwanamke wa Sirisia. Akanijibu kwamba alama ya kwanza ya dada yake ilichukuliwa kwenye udongo tu, na tazama kilichofuata, sasa mimi nataka waichore kabisa na kuining'iniza msumarini. Nikamgeukia mama. Nilitaka aseme hayo ni mambo ya giza, kama alivyosema siku zote. Mama alikuwa bado ameuinua mguu, unatetemeka juu ya karatasi. Kisha akaurudisha chini, pembeni, kwenye sakafu.

"Labda apime bila kuchora," akasema.

Fundi akakataa. Bila mchoro yeye hashoni. Nikamwomba achore kisha atupe karatasi tuende nayo. Akasema ataitumiaje kuchongea mbao tukiwa nayo sisi Sirisia? Na ni kweli. Alikuwa na haki, na mama mdogo kwa akili zake alikuwa na haki, na mimi katikati yao nilikuwa nataka kulia kwa hasira.

Ndipo mama mdogo akavua viatu vyake akapanda juu ya karatasi. "Chora wangu," akasema. "Mimi na dada ni mguu mmoja. Tangu utoto tunavaliana."

"Na wewe huogopi?" nikamwuliza.

"Mimi sina adui."

Hilo lilikuwa kweli, na la mguu mmoja pia. Walikuwa wakivaliana viatu tangu wasichana, vipimo vyao sawa, kisigino kwa kisigino. Lakini huo ulikuwa mguu wa mama wa zamani. Mguu wa mama wa wakati ule ulikuwa umetanuka mbele, vidole vimeanza kujikunja kama vinashika kitu, na jioni ulivimba. Nilimwambia fundi aongeze nafasi. Akaandika jambo kwa lugha yake pembeni ya mchoro wa mama mdogo. Akamtazama mama miguuni kwa mbali, jinsi mtu anavyotazama ng'ombe wa kununua, akaitikia kwa kichwa akasema ataongeza.

Viatu vilipofika, vimeletwa na shemeji wa mama mdogo aliyekuwa akija Bungoma, vilikuwa vizuri kupita kiasi. Ngozi ya kahawia, laini, vimepanda hadi juu ya kifundo, kamba mbele, soli imepindwa juu kidogo kwenye ncha ili isikwaruze chini. Ile ncha tu ilikuwa maajabu. Mama alivaa, nikamfunga kamba, akasimama akashika ukuta, akaachia ukuta. Akatembea mpaka mlangoni, akatoka nje, akapita mbele ya baba aliyekuwa akichonga mpini, akazunguka ghala, akarudi. Hakukwaa. Baba aliacha kuchonga. Alimtazama mama vile sikuwa nimemwona akimtazama kwa miaka, akainama tena kwenye mpini wake.

"Vinauma?" nikamwuliza, kisha nikajilaumu, nikamvua nitazame mwenyewe. Alikuwa amevivaa kwa muda mfupi. Palikuwa na wekundu kidogo juu ya vidole, si zaidi ya alama ya kikapu mkononi. Nikamwambia tutavizoeza, leo saa moja, kesho saa moja. Tukafanya hivyo. Wekundu ukaja ukapotea, ukaja ukapotea. Daktari alisema tazama, nami nilitazama, na nilichokiona kilikuwa kile.

Siku ya wageni ilikuwa siku ya jua kali. Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka ule na anga lilikuwa jeupe. Mama aliamka kabla yetu sote. Nilipomfunga viatu alikuwa ameoga maji baridi na kujipaka mafuta, amevaa gauni lake la bluu la kanisani na kitambaa kichwani. Alipendeza. Nilimwambia, "Mama, ukichoka ingia ndani nikuvue kidogo." Akasema ndiyo, kwa haraka, kama mtu anayemkubalia mtoto ili anyamaze.

Walikuja wengi. Wazee wa kiume, baba mdogo wa kijana, shangazi zake wawili, na mama yake, mwanamke mrefu mweusi aliyetazama kila kitu na kusema kidogo. Kwetu wakwe hawazoeani. Hasa siku ya kwanza, hawatazamani machoni, hawaulizani hali kwa undani, hawagusani. Mama aliwapokea mlangoni amesimama wima. Aliwatilia maji mikononi, akainama na kuinuka, kwa kila mmoja wao. Alileta maziwa ya mgando, akaleta kuku, akaleta ugali. Nilikuwa jikoni na wanawake wa jirani, sikuruhusiwa kuonekana mpaka niitwe, lakini kila alipoingia jikoni nilimshika mkono. "Keti kidogo," nilimwambia. Akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa likimtoka shingoni na macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ule ukungu, nikajua miguu imekuwa mizito, na kwamba anaiendesha kwa moyo tu.

"Wanasemaje?" nikamwuliza.

"Wanakula," akasema, akatabasamu, akachukua sinia lingine.

Wazee walizungumza mpaka jua likageuka. Ng'ombe wakasemwa, wakabishaniwa, wakakubaliwa. Niliitwa, nikaingia, nikasalimu, nikatoka. Mama alikuwa amesimama karibu na nguzo ya katikati ya nyumba, mkono wake umeishika kwa nyuma pale wageni wasipoona. Ilikuwa jioni walipoondoka. Aliwasindikiza. Nilisema asiwasindikize, baba naye akamwambia kwa macho, lakini akawasindikiza mpaka njia panda kama desturi ilivyo, na akarudi kwa miguu yake, na alipopita mlango akaketi chini kwenye sakafu pale pale mlangoni.

"Wamekubali," akaniambia. Alikuwa na furaha kama msichana. "Hakuna aliyeniangalia miguu. Hata mmoja."

Nikapiga magoti nikamfungua kamba. Kiatu cha kushoto hakikutaka kutoka. Nikavuta polepole, kikatoka na soksi, na soksi ikatoka na ngozi. Mama mdogo alikuwa na vidole vya kunyooka, na fundi alichonga mbao kwa vidole vya kunyooka. Vya mama vilikuwa vimekunjika ndani tangu asubuhi, na alikuwa amevitembelea siku nzima juu ya kucha zake. Soli ya ndani ilikuwa nyeusi kwa damu. Mama aliinama kutazama ni nini ninachokitazama.

"Mbona mimi sikusikia?" akauliza. Aliniuliza kweli, kama ninajua.

Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Baba alienda kuazima baiskeli amfuate muuguzi wa zahanati. Tulifanya yote yanayofanywa. Kidonda cha mguu uliokufa ganzi hakiponi upesi, na kile hakikupona kabisa. Kikawa cheusi, kikaanza kunuka, na homa ikaja. Tukampeleka Kitale, hospitali ile ile. Wakamkata mguu chini ya goti. Mama mdogo alikuwa nasi nje, akilia, akisema ni heri wangechora wa dada mwenyewe, na mimi sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Mguu wa kulia ulikuwapo bado, lakini peke yake haukuweza kumsimamisha, nao ulikuwa ule wa kuanguka. Mama hakusimama tena.

Arusi yangu ilifanyika Bungoma. Mama hakuja. Tulisema tutambeba kwa kiti, na vijana wa kanisa walikuwa tayari. Alikataa katakata. Alisema hawezi kuwaharibia wakwe macho siku ya arusi, baada ya kazi yote ile. Baba aliwaambia ameteguka mguu, na huo ulikuwa uongo pekee niliowahi kumsikia akisema.

Niliishi kwa wakwe. Mama mkwe hakuwa mbaya. Alikuwa na nidhamu ya chuma na maneno ya kupimwa, lakini mwezi baada ya mwezi akanizoea. Siku moja tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukichambua mboga. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nimevimba miguu, na nilikuwa nimesimama kuchota maji. Akasema, "Keti, mwanangu. Usiwe kama mama yako."

Nikageuka.

"Siku ile alitutesa roho," akasema. Hakuwa akinitazama, alikuwa akivunja mashina ya mboga. "Kila alipopita na sinia nilisema moyoni, sasa ataketi. Nilimnong'oneza shangazi yenu, hebu tumalize kula upesi apumzike. Lakini wazee wale na maneno yao, unawajua. Na mimi ningemwambiaje mkwe wangu nyumbani kwake, keti? Angeona ninamdharau."

Nikamwuliza alijuaje kwamba mama alihitaji kuketi. Nilimwuliza taratibu sana.

"Si kila mtu Bungoma anajua mama yako anaugua miguu? Tulijua kabla ya kutuma habari ya kuja. Mume wangu alisema ugonjwa wa miguu si wizi, na msichana ana adabu, twende." Akainua macho. "Kwani ninyi mlifikiri hatujui?"

Nilitaka kumrushia sufuria, na nilitaka kumlalia mapajani nilie, na kwa kuwa yote mawili hayafanyiki kwa mama mkwe, nikaketi kama alivyosema nikachukua mboga nikachambua. Alikuwa mwanamke mwema. Mama naye alikuwa mwanamke mwema. Walikuwa katika nyumba moja kutoka asubuhi mpaka jioni, mmoja akiomba mwenzake aketi, mwenzake akijikaza asionekane anataka kuketi, na heshima imesimama katikati yao kama ukuta. Nimeichukia heshima hiyo tangu siku ile. Wanangu niliwaambia wakija wakwe nitakaa kitako nikunje miguu, na atakayeona vibaya arudi kwao.

Mwezi uliofuata nilipata ruhusa ya kwenda nyumbani kumwona mama. Njiani niliazimia kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno. Mimi si mtu wa kuficha. Nilimkuta nje, ameketi juu ya mkeka kivulini, shuka limefunika mapaja, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda, na jicho lile la zamani lilikuwa limefunga ukungu tena na safari hii halikufunguka. Akanipapasa tumbo, akacheka, akauliza habari za huko, kama mama mkwe ananitunza. Nikasema ananitunza.

Kisha akainamisha kichwa kidogo karibu nami, ingawa hapakuwa na mtu mwingine pale uani.

"Wakwe wako," akasema. "Hawakujua, sivyo?"

Maneno niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Nikamtazama usoni, na vile alivyokuwa akingoja.

"Hawakujua, mama."

"Basi mguu wangu haukwenda bure," akasema, akarudisha mikono kwenye ungo.